Redio mpya inasahau stesheni na spika zinapiga mluzi: nimekosea wapi?

Mkazi wa Chumbageni

Assalaam aleikum, wakuu. Nina Toyota Corolla iliyotumika Japani, ambayo masafa ya redio yake ya asili yaliishia megahezi 90, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa Tanga hazikushika. Nilinunua redio mpya pamoja na amplifaya (kikuza sauti), nikafunga mwenyewe, kwa sababu fundi niliyemwendea alitaka kuikata soketi ya gari. Muziki unalia, ila kila nikizima gari redio husahau saa na stesheni zote, na injini ikiwaka husikika mluzi kwenye spika unaopanda kadiri ninavyokanyaga mafuta. Hasi ya amplifaya nimeifunga kwenye boliti ya mkanda wa kiti cha nyuma, na waya unaotoka betri nimeupitisha pamoja na nyaya za sauti upande wa kulia ili kazi ionekane nadhifu.

Fundi Mstaafu, Ngamiani

Waaleikum salaam, kijana wangu. Hilo la kusahau ni dogo. Redio ina nyaya mbili za chanya: wa njano ni wa umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu, na mwekundu ni wa umeme unaokuja ukizungusha ufunguo. Naona umezipishanisha. Usizifuate rangi za upande wa gari, maana Toyota ana zake. Katika nyingi nilizofungua, umeme wa kudumu ulikuwa kwenye waya wa buluu wenye mstari wa njano, na wa ufunguo ulikuwa wa kijivu. Pima kwa mita ya volti. Ufunguo ukiwa mfukoni mwako, waya utakaosoma volti 12 ndio wa kuunganishwa na ule wa njano wa redio. Ukishaujua, vua kwanza kichwa cha hasi cha betri, kisha ndipo uunganishe.

Binti Raskazone

Mzee wangu amelimaliza la kwanza, nami niseme juu ya mluzi. Umeme wa alteneta, yaani mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, hupitishwa kwenye dayodi ili uende upande mmoja, lakini haunyooki kabisa. Hubaki na mawimbi madogo ambayo huenda kasi zaidi kila injini inapoongeza mizunguko, na hayo ndiyo unayoyasikia. Mara nyingi huingia pale ambapo hasi ya redio na hasi ya amplifaya hazilingani kwa sababu mojawapo haigusi chuma vizuri. Boliti ya mkanda huwa na rangi au gundi kwenye nyuzi zake, tena ni kifaa cha kuokoa maisha, kwa hiyo iache. Tafuta sehemu ya bodi isiyozidi nusu mita kutoka kwenye amplifaya, hakikisha upande wa pili hakuna tangi la mafuta wala bomba la breki, chubua rangi mpaka chuma king'ae, kaza waya, kisha paka grisi juu yake, kwani kwa sisi tunaoegesha karibu na bahari chuma kilicho wazi hushika kutu upesi. Nyaya za sauti zihamishie upande wa kushoto, na zikilazimika kukutana na waya wa umeme, zikatane nao kama msalaba.

Hukutaja fyuzi, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko mluzi. Waya unaotoka betri lazima uwe na fyuzi yake ndani ya sentimita 45 hivi kutoka betri, kwa sababu fyuzi iliyo kwenye amplifaya haiwezi kuulinda waya uliotangulia mbele yake. Waya huo ukichubuka pale unapopenya ukuta wa injini bila raba, umeme wote wa betri utamwagika kwenye bodi mpaka kitu kiungue. Wala usiziamini wati za kwenye boksi. Amplifaya yenye fyuzi ya ampea 30 haiwezi kuvuta zaidi ya wati 420 hivi kwa volti 14, na sehemu ya hizo hupotea kuwa joto.

Mkazi wa Chumbageni

Shikamoo, mzee, na ahsante, dada. Boksi langu linajigamba wati 1,200 na fyuzi ya amplifaya ni ampea 25. Nimecheka peke yangu. Redio sasa inakumbuka, mluzi umekwisha, na fyuzi nimeiweka. Kwenye ukuta wa injini nimekuta ganda la waya limeshaanza kuliwa. Limebaki moja tu: spika zote mbili za nyuma zikilia, besi hupungua, nikizima moja hurudi.

Fundi Mstaafu, Ngamiani

Marahaba. Spika moja umeigeuza chanya na hasi. Zitoe nyaya zake kwenye amplifaya, kisha gusisha betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwenye waya ulioufanya chanya. Karatasi ya spika ikisogea nje, iko sawa. Ikirudi ndani, hiyo ndiyo uzipishanishe nyaya zake.