Nyumba ina jina la mume, mke hakuwahi kuajiriwa: hukumu ya Bi Hawa inamsaidia kiasi gani?

Kokoto: Habari za humu wakuu. Dada yangu aliolewa 2009, Dar. Kiwanja kilinunuliwa 2012 kwa jina la mume, nyumba wakaijenga wakiwa pamoja. Kazi yake ni watoto, nyumba na kufuga kuku wa kuuza. Wanaachana, mume anamwambia hana risiti hata moja. Mwenyekiti wa mtaa ameandika barua kwamba usuluhishi umeshindikana. Afungue shauri? Hukumu ya Bi Hawa, ile iliyokubali kazi za nyumbani kuwa mchango, inatosha?

Jalada Kuu: Kwa barua hiyo asifungue. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza lithibitishe kuwa limeshindwa. Mwenyekiti wa mtaa si Baraza. Aulize kata yake ni baraza lipi lina mamlaka hayo, waitwe wote wawili, kisha apewe hati, Fomu Na. 3. Aisome palepale kabla hajaondoka: majina, tarehe, muhuri, na maneno kwamba Baraza limeshindwa kuwapatanisha. Ukikuta barua ya "tunawaleta kwenu kwa hatua zaidi" basi, hapo kesi imeshakufa. Tena hati isiwe imezidi miezi 6 tangu itolewe siku ya kufungua, kifungu cha 106(2). Katika Rufaa ya Madai Na. 246 ya 2019 Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo mzima wa kesi kwa sababu hakukuwa na hati halali.

Kokoto: Na mume akigoma kwenda barazani?

Jalada Kuu: Akikaidi wito makusudi, kifungu hichohicho cha 101 kinaruhusu kuendelea. Ila atunze nakala za wito zenye saini ya kupokelewa.

Mama Shauri: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, wengi wanaitaja bila kufika ukurasa wa mwisho. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, kinachohusu kugawana mali. Lakini rufaa yenyewe mama yule alishindwa! Mume alikuwa amempa fedha za mradi wa familia, mama akazitapanya, na hilo likahesabiwa dhidi yake. Kwa hiyo hukumu inafungua mlango tu. Fungu lake linategemea ushahidi.

Pwani Raha: Si nusu kwa nusu?

Mama Shauri: Hapana mkuu. Kifungu cha 114 kinataja mchango wa fedha, mali au kazi, na ukubwa wake lazima uthibitishwe. Kuku aliwauzia nani? Alete daftari la mauzo, miamala ya simu, aliyemuuzia vifaranga. Fundi aliyekuwa anapokea saruji na maji kutoka kwake ni shahidi mzuri kuliko shangazi atakayesema "alijituma sana". Na aanze kwa kuonyesha nyumba imejengwa ndani ya ndoa.

Jalada Kuu: Kuhusu nyumba asisubiri hukumu. Kifungu cha 59 kinamzuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Kama kiwanja kina hati ya umiliki, aweke zuio la kuuzwa kwa Msajili wa Hati wiki hii. Kama hakina, awape taarifa ya maandishi serikali ya mtaa, maana mauzo ya viwanja visivyo na hati hushuhudiwa hapo, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.