Misuli ya mgonjwa mahututi: unga wa protini, HMB au glutamini?

Bomba60: Wakuu, salaam. Mgonjwa wa kilo 60, siku ya nne kwenye mashine ya kupumulia, analishwa kwa mpira wa puani, figo ziko sawa. Mapaja yanaisha tunaona. Fedha inatosha kitu kimoja tu kati ya hivyo vitatu. Iende wapi?

Dozi_Sahihi: Glutamini, kile kijenzi cha protini (asidi ya amino), iondoe kabisa. Jaribio la REDOXS (2013) lilikuwa na wagonjwa 1,223 ambao viungo zaidi ya kimoja vilikuwa vimefeli, na vifo viliongezeka kwa waliopewa glutamini. Hata kwa walioungua, RE-ENERGIZE (2022) haikuona faida. HMB, gramu 3 kwa siku, nadharia yake tamu: inatokana na lusini, asidi ya amino nyingine, na inapunguza kuvunjwa kwa protini. Ila kwa mahututi ushahidi ni wa majaribio madogo. Mimi ningeweka hela kwenye unga, tena baada ya kupiga hesabu.

SistaLishe: Hesabu hiyo hapa. Lengo ni protini gramu 1.3 kwa kilo ya uzito, sawa na gramu 78 kwa siku, na unalifikia polepole, si siku ya kwanza. Chakula cha kopo chenye kalori 1 kwa ml na protini gramu 40 kwa lita: ml 1,500 zinakupa gramu 60. Pengo 18, yaani unga wa whey (protini ya maziwa) wa asilimia 80 kama gramu 23.

Sasa angalia propofoli, dawa ya usingizi iliyochanganywa na mafuta, hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ikienda ml 10 kwa saa, inaleta kalori 264 za mafuta kwa siku. Ukipunguza chakula ili kalori zisizidi, protini inashuka kama gramu 10 na pengo linafika 28. Hapo unga ndio una kazi.

Bomba60: Asante sana dada. Unga niumwage kwenye mfuko wa chakula?

SistaLishe: Usithubutu! Unatuama chini, unaganda, mpira unaziba. Gawa dozi mara mbili au tatu. Kila dozi koroga na ml 60 za maji safi ya vuguvugu, yakiwa moto unashika mabonge. Suuza mpira kwa ml 30, sukuma dozi taratibu, suuza tena ml 30. Maji yote yaandikwe kwenye chati.

Mzee_wa_Chati: Na kwa nini asipewe gramu 2.2 kwa kilo, afidiwe haraka?

Dozi_Sahihi: Mzee wangu, jaribio la EFFORT (2023) lilipima hilo hilo dhidi ya 1.2 au chini: hawakutoka hospitali mapema, na wenye figo zilizoumia walionekana kudhurika. Yurea, taka ya protini kwenye damu, ikipanda, usiongeze.

Paja_Fizio: Utafiti wa London wa 2013 ulionyesha msuli wa mbele ya paja ukipungua karibu asilimia 18 kwa siku 10. Unga peke yake hauzuii hilo, msuli lazima ufanye kazi. Ila msimlazimishe: jaribio la TEAM (2022) lilipoongeza mazoezi ya mapema, madhara yaliongezeka, hasa mapigo ya moyo na presha kuvurugika.

Bomba60: Na maziwa ya unga yasiyo na mafuta? Yanapatikana kila duka.

SistaLishe: Gramu 18 za protini zinataka kama gramu 50 za maziwa, na karibu nusu ya maziwa hayo ni laktosi, sukari ya maziwa. Tarajia kuhara. Kabla ya kuongeza chochote pima fosfeti ya damu; ikiwa chini ya mmol 0.65 kwa lita, rekebisha kwanza, mpe thiamini (vitamini B1), na kalori zishushwe kwa saa 48.