Kundi la Wana wa Bibi, Raskazone, Tanga: kibanda cha watoto kinapakwa upya

*Ijumaa*

Mama Nasra: Assalaam alaykum wapendwa. Habari za mchana.

Mama Nasra: [Picha 3]

Mama Nasra: Hicho ndicho kibanda cha watoto cha kuchezea baada ya masika. Rangi inabanduka, mlango umebaki na bawaba moja. Shule zikifunga mwezi wa sita watoto wa Dar wanakuja likizo, siwezi kuwapokea na kitu hicho uani. Naomba ushauri, na anayejaliwa naomba mchango 🙏

Rama: Waalaykum salaam. Hicho kibanda au banda la kuku?

Mama Nasra: Rama tuheshimiane.

Rama: Nauliza tu. Kuku wa Bibi wanaishi kwenye nyumba nzuri kuliko hiyo 😂

Da Mwaju: Waalaykum salaam mdogo wangu. Kweli kimechoka. Subiri Kaka aje, ndiye aliyekijenga.

Kaka Shabani: Nipo. Picha za mbali hazinisaidii. Nipigie ya karibu, chini kabisa pale mbao inapokaribia ardhi, hasa upande wa bomba. Na moja ya ukutani palipobanduka, iweke karibu mpaka nione nyuzi za mbao.

Mama Nasra: [Picha 2]

Kaka Shabani: Alhamdulillah, mbao nzima. Paina ile ilitoka Sao Hill kule Mufindi, nilichagua ya dawa makusudi, ile iliyotiwa dawa isioze. Kilichokufa ni rangi. Ila ubao wa chini upande wa bomba siupendi, umekuwa mweusi. Chukua bisibisi uuchome.

Mama Nasra: Imezama, kaka. Sikutumia hata nguvu.

Kaka Shabani: Basi huo unatoka. Ingekuwa imegoma ningesema tupake juu yake. Ukipaka rangi juu ya mbao iliyooza unafungia maji ndani, inaendelea kuoza huku kwa nje inapendeza.

Shem Baba Nasra: Salaam nyote. Kwa habari ya rangi msihangaike. Ile ya geti imebaki karibu robo tatu ya kopo, nyekundu. Tunapaka kesho asubuhi, mchana biashara imekwisha.

Rama: Nyekundu! Shem umesomeka. Msimbazi mpaka uani 🔴

Mama Nasra: Nasra anataka pinki.

Rama: Pinki ni nyekundu iliyokata tamaa.

Da Mwaju: Shem, samahani kidogo. Kopo hilo limeandikwa nini?

Shem Baba Nasra: Halina maandishi, shemeji. Fundi wa geti alikuja nayo kwenye kopo la maziwa. Ni ile ya mafuta.

Da Mwaju: Basi mimi hiyo siitaki kwenye kitu cha watoto. Na ile ya zamani iliyoko hapo ilitoka wapi?

Kaka Shabani: Ya njano ile? Niliikuta stoo kwa marehemu mzee. Ya siku nyingi.

Da Mwaju: Haya. Naomba mnisikilize, naandika kirefu kidogo.

Da Mwaju: Rangi za mafuta, hasa za zamani, nyingi zilitiwa madini ya risasi. Njano, nyekundu na rangi ya chungwa zinazong'aa ndizo zinazoongoza, maana risasi ndiyo iliyokuwa inaleta ule ung'avu. Mtu mzima akigusa ukuta haimdhuru. Tatizo ni ikibanduka na ikisuguliwa. Vipande vinaanguka chini, vumbi linakaa kwenye mchanga wanaochezea, mkono unaenda mdomoni.

Da Mwaju: Na mtoto mdogo siyo kama sisi. Risasi aliyoimeza inaingia mwilini mwake mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Inagusa ubongo, na dalili huzioni mpaka damu ipimwe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Swedi ana umri gani sasa?

Mama Nasra: Mwaka na miezi minane.

Mama Nasra: Na juzi nilimtoa kipande cha rangi mdomoni 😢

Da Mwaju: Usiogope kwa kipande kimoja. Ila kuanzia leo kibanda kifungwe. Funga kamba mlangoni, fagia vile vipande huku umevinyunyizia maji kwanza, visifukuzwe na upepo. Wiki hii mpeleke kliniki, waeleze kama ulivyotueleza sisi, uwaulize habari ya kupima.

Shem Baba Nasra: Ya geti naifunika basi. Sikujua jambo hilo lina uzito kiasi hicho.

Da Zuhura: Huku ndiyo kwanza alfajiri, nimeamka na meseji arobaini nikadhani kuna msiba. Kumbe kibanda!

Rama: Minneapolis imeamka. Shikamoo Da Zuhura.

Da Zuhura: Marahaba. Mwaju anasema kweli tupu. Marekani rangi ya risasi ilipigwa marufuku kwenye nyumba za watu mwaka 1978. Mpaka leo ukipangishwa nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka huo, sheria inamtaka mwenye nyumba akwambie anachokijua na akupe kijitabu. Sisi tulipewa, nikasaini. Madirisha yetu ya zamani hatuyasugui hovyo.

Da Zuhura: Mchango wangu unakuja. Rangi inunuliwe yenye jina, yenye lebo.

Kaka Shabani: Yenye nembo ya TBS, Shirika la Viwango, na iandikwe kwamba haina risasi. Muuzaji akisema "ni nzuri hii, niamini," muombe akuoneshe maandishi kwenye kopo. Za kupimiwa kwenye chupa hapana.

Mama Nasra: Bibi amesikia. Ametuma sauti, simu yake haina bando nimerekodi kwangu.

Bibi: [Sauti 0:52]

Rama: Niko kwenye daladala, nani ataniandikia?

Mama Nasra: Anasema hivi: hao wanangu wanasumbuka na makopo, zamani mbao zilipakwa oili chafu ya gari na mchwa hakuthubutu. Anasema Shabani aende gereji achukue dumu. Na anamwambia Rama aache kuwasema kuku wake.

Rama: 🙊 Shikamoo Mama. Nimenyamaza.

Kaka Shabani: Mama, shikamoo. Oili ilikuwa ya nguzo za uzio, na kwa mchwa kweli ilisaidia. Hapa ina mambo mawili. Watoto wataigusa na kuilalia, na ile ni taka ya injini. La pili, mbao ikishanywa oili haishiki rangi tena, utapaka leo kesho inateleza. Mchwa tutawazuia kwa njia nyingine: kibanda tunakiinua juu ya tofali za saruji, mbao isiguse udongo kabisa. Tukiacha uwazi chini, njia yao tunaiona mapema na tunaivunja.

Mama Nasra: Bibi anasema marahaba, na haya, ila tofali ziwe sawasawa asije mtoto akabimbirika.

Kaka Shabani: Nitakuja na pima maji, Mama.

*Jumamosi*

Rama: Kaka nina wazo. Hapa Arusha kuna jamaa ana mashine ya kusugulia, ya umeme. Dakika ishirini ukuta mweupe. Niitume kwa basi?

Da Mwaju: HAPANA.

Kaka Shabani: Mashine ndiyo itakayolifanya vumbi la risasi lifike mpaka jikoni. Tena na mbao yenyewe ni ya dawa. Ile ya kijani ninayoijua mimi ina shaba, kromiamu na aseniki. Vumbi lake si la kuvuta. Tunasugua kwa maji.

Shem Baba Nasra: Kwa maji kivipi, kaka? Msasa si utalowa?

Kaka Shabani: Msasa wa maji, ule wa mafundi wa magari. Unauloweka na ukuta unaulowesha. Kinachotoka ni uji, siyo vumbi. Unaufuta kwa tambara, tambara unatupa.

Kaka Shabani: Ngoja niseme mpango wote nisirudie. Jumamosi ijayo nakuja baada ya chai. Turubai linatandazwa pande zote, litoke mita moja na nusu kutoka ukutani. Vile vitanda vya mchicha vya Mama Nasra vifunikwe vilevile, sitaki kipande hata kimoja kule. Tunakwangua kwa kisu cha pati pale panapobanduka tu, mbao ikiwa imeloweshwa. Palipong'ang'ania tunaparuza kidogo, tuue ung'avu, basi. Hatuendi mpaka kwenye mbao tupu kila mahali. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri, ikifungwa chini ya rangi mpya, haimdhuru mtu.

Shem Baba Nasra: Kwa nini kuua ung'avu?

Kaka Shabani: Ya zamani ni ya mafuta, tunayopaka ni ya maji. Juu ya kioo rangi ya maji haina pa kushika. Nimeona ukuta wa shule nzima ukavuliwa ngozi kwa kucha za watoto, fundi aliruka hatua hiyo moja.

Mama Nasra: Halafu wakati huo watoto wawe wapi?

Da Mwaju: Wasiwe hapo. Wapelekeni kwa Bibi chumbani wakale mabumunda. Na nyie mnaofanya kazi mvae barakoa, mkimaliza muoge, nguo zifuliwe mbali na za Swedi. Msilie chakula pale pale.

Kaka Shabani: Vipande vyote tunavifunga kwenye mfuko, mfuko ndani ya mfuko. Na ule ubao uliooza pamoja na mabaki yoyote ya mbao ile, nasema mapema kwa sababu namjua mtu: MSIVITIE JIKONI. Mbao ya dawa haikokewi moto. Moshi wake na jivu lake ni sumu.

Mama Nasra: Kaka mbona unaniangalia mimi 😅

Kaka Shabani: Sijataja jina.

Rama: Rangi sasa. Tupige kura. Mimi nyekundu na nyeupe.

Shem Baba Nasra: Mimi wa Jangwani. Kijani na njano, watoto wakue na akili.

Da Zuhura: Astaghfirullah, mnafanya kibanda cha mtoto kiwe uwanja wa Taifa.

Mama Nasra: Nasra mwenyewe yuko hapa.

Mama Nasra: [Sauti 0:19]

Da Mwaju: Nimeisikiliza mara mbili, nacheka peke yangu wodini. "Nje pinki, ndani bluu ya bahari, na mlango mweupe kwa sababu ni duka."

Rama: Duka la nini?

Mama Nasra: Anauza maandazi ya udongo. Swedi ndiye mteja.

Kaka Shabani: Mteja anayekula bidhaa kweli. Ndiyo maana tunahangaika.

Kaka Shabani: Hesabu basi. Kibanda ni mita moja na nusu kila upande, urefu wa ukuta kwenda juu mita moja na robo hivi. Kuta nne ni mita za mraba 7 na nusu nje, ndani vilevile. Kila upande mikono miwili, yaani tunapaka mara mbili, kwa hiyo mita 15 za pinki na 15 za bluu. Lita moja ya rangi nzuri inakwenda mita kama 10, kwenye mbao iliyokauka na jua hupungua. Lita mbili mbili zinatosha. Nyeupe lita moja, itapaka mlango na fremu. Praima ya mbao lita mbili, na yote iwe ya maji, ya nje. Siyo ya ndani! Ya ndani chumvi ya Raskazone itaimaliza kabla ya vuli.

Shem Baba Nasra: Praima ni lazima? Bei yake imenishtua.

Kaka Shabani: Penye mbao tupu ni lazima. Na kwenye ncha za mbao, pale msumeno ulipokatia, unapaka mara mbili au tatu. Maji ya mvua yanaingilia pale. Ule ubao wa chini ulianzia kuoza kwenye ncha, tazama picha.

Mama Nasra: Kweli. Katikati ni mgumu.

Kaka Shabani: Na misumari iwe ya zinki. Ile michirizi ya kahawia kwenye picha ni kutu ya misumari ya kawaida. Iliyochomoza tunaitoa yote, nguo za watoto zinanaswa.

Da Zuhura: Mnapaka siku ileile mliyosugua?

Kaka Shabani: Hapana dada. Mbao imelowa, inaachwa ikauke siku mbili tatu. Kusi sasa hivi kinavuma vizuri, mvua imepungua. Halafu tunaanza umande ukishakauka, kama saa tatu asubuhi, tunafuata kivuli tukizunguka kibanda. Ukipaka jua kali linapopiga, rangi inakauka juu kabla haijashika chini. Saa kumi tumeweka brashi chini, unyevu wa bahari unarudi jioni.

Mama Nasra: Kuna nyigu wamejenga chini ya bati, kwa ndani.

Rama: Hapo mimi naaga.

Kaka Shabani: Hao niachieni. Usiku wakiwa wametulia.

*Jumatatu*

Da Zuhura: Nimetuma kwa Mama Nasra. Itoe rangi na praima, itakayobaki iwe nauli ya kliniki.

Mama Nasra: Imefika dada yangu, Mungu akuzidishie. Rama katuma elfu ishirini. Da Mwaju analeta barakoa na glavu akija.

Shem Baba Nasra: Nimepita dukani. Pinki ya nje hawana tayari, wanachanganya kwa mashine. Nimeona lebo, nembo ipo, haina risasi imeandikwa. Nachukua?

Da Mwaju: Piga picha ya lebo kwanza, shem.

Shem Baba Nasra: [Picha]

Da Mwaju: Sawa. Chukua.

Kaka Shabani: Wachanganye lita zote mbili kwa mkupuo mmoja. Ukirudi kuongezea, pinki haitafanana.

Mama Nasra: Leo tumempeleka Swedi kliniki. Wametusikiliza vizuri, wametuandikia barua ya kwenda kupimwa hospitali kubwa. Kwa macho anaonekana mzima, anakimbiza kuku.

Da Mwaju: Vizuri sana. Majibu yakitoka nipigie, usiandike hapa.

Mama Nasra: Sawa dada.

Mama Nasra: Kaka, Nasra anauliza kama duka lake litakuwa na kaunta.

Kaka Shabani: Kipande cha mbao kipo, siyo ya dawa, nitakipiga randa. Nipimie dirisha upana, ndani kwa ndani.

Mama Nasra: Sentimita 58.

Kaka Shabani: Pima tena, ukianzia kushoto.

Mama Nasra: 57 na nusu.

Kaka Shabani: Haya. Jumamosi.