Binti anasinzia darasani kwa dawa za kifafa, ndugu wanataka aache. Naombeni ushauri

Mama Tuma:
Wakuu, habari za jioni. Nina binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Kifafa kilimwanza akiwa darasa la sita, zahanati wakamwanzishia fenobabitali, anameza kila usiku. Tangu hapo kuanguka kumepungua mno. Mwaka huu ameanguka pale tu dawa ilipokwisha zahanati tukawa tunahangaika famasi.

Shida ni usingizi. Mwalimu wa hesabu kaniita, anasema mtoto analaza kichwa kwenye dawati kipindi kizima. Upande wa baba yake wanasema dawa zinamharibu akili, aache kabisa, apelekwe kwa mganga wa mitishamba. Mimi naogopa. Nyumba ya pili kuna kijana alianguka jikoni, mkono mzima una kovu la moto. Je, nimpunguzie mwenyewe nusu kidonge? Au ipo dawa nyingine?

Chamwino Moja:
Pole sana mama. Mdogo wangu anatumia valproeti, hasinzii na sasa yuko chuo. Omba wambadilishie hiyo.

Muuguzi Mstaafu:
Mama Tuma, pole. Usimpunguzie mwenyewe na asiache ghafla, nakusihi. Fenobabitali ikikatwa ghafla degedege hurudi kwa nguvu, na linaweza kufululiza mtoto asizinduke. Hali hiyo inaua. Siku akitetemeka zaidi ya dakika 5, au likarudi kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitali.

Usingizi si wa kufikirika. Dawa hii inakaa mwilini siku kadhaa, ndiyo maana inamezwa mara moja tu kwa siku, na ndiyo maana uzito wake unamfuata hadi darasani. Rudi kliniki uwaeleze hivyo hivyo ulivyotueleza. Wanaweza kurekebisha kipimo au kumhamishia dawa nyingine, mfano kabamazepini. Kuhama ni taratibu: mpya inapandishwa, ya zamani inashushwa kwa wiki kadhaa, na kwa muda atameza zote mbili. Akipewa kabamazepini akatoka upele, mrudishe siku hiyo hiyo.

Chamwino Moja, valproeti ni dawa nzuri, lakini huyu ni binti. Ikitumika wakati wa ujauzito, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 huwa na matatizo ya ukuaji wa akili. Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasianzishiwe.

Mwana Ulanga:
Shikamoo muuguzi. Mama Tuma, mimi ni wa Mahenge, kwetu kifafa ni kingi kuliko sehemu nyingi za nchi. Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa huko mwaka 1960, wakati watu walikuwa wanaogopa hata povu la mgonjwa, akiangukia motoni wanamwacha aungue. Povu haliambukizi. Kuhusu shemeji zako, usibishane nao sebuleni. Nenda na baba mtoto kliniki, amsikie daktari kwa masikio yake. Akielewa yeye, wengine atawanyamazisha mwenyewe.

Baba Rehema:
Naongezea. Akianguka, mtu mmoja arekodi kwa simu, daktari aone mwenyewe. Andika kwenye daftari tarehe, saa, na kama alikosa dawa au kulala. Dawa ifuate ikiwa imebaki ya wiki mbili, usingoje kopo liishe. Na mwalimu wa darasa aelekezwe: alazwe ubavu, asishikwe kwa nguvu, asiwekewe kijiko mdomoni wala kumwagiwa maji.

Muuguzi Mstaafu:
Shukrani Baba Rehema, na marahaba mwanangu wa Ulanga. Mama Tuma, swali moja: huwa anaduwaa sekunde chache kama hasikii? Au mikono inamruka ghafla asubuhi akiamka?

Mama Tuma:
Mungu awabariki. Muuguzi, hiyo ya asubuhi umenishtua. Anaangusha kikombe cha chai, mkono unaruka tu, chai inamwagika kwenye sare. Hapa nyumbani sote tunasema ni usingizi wa dawa. Hata kliniki haijawahi kutajwa.

Muuguzi Mstaafu:
Basi litaje hilo kwanza, kabla hata ya usingizi. Inaweza kuwa aina ya kifafa ambayo kabamazepini huizidisha, kwa hiyo jina la dawa nililotoa juu lisikuongoze. Omba rufaa hospitali ya mkoa kwa daktari wa magonjwa ya mfumo wa fahamu, au wa kliniki ya afya ya akili, wengi wetu tunatibiwa kifafa huko. Uliza kama dawa nyingine, levetirasetamu, inapatikana na bei yake. Kabla ya hapo, usiku wa leo ameze dawa yake kama kawaida, alale mapema, na asubuhi chai asimiminiwe ya moto.

Mama Tuma:
Nimeelewa. Baba yake nimemsomea uzi wote, amekubali tuondoke naye Jumatatu.

Baba Rehema:
Kadi ya kliniki na vidonge vilivyobaki mchukue. Mkitoka mtujulishe.