Tupeane uzoefu: nani bado analala na viatu kando ya kitanda tangu volkano ya Nyiragongo hapa Goma?

Mama Katindo: Jana usiku lori ilipita tu, dirisha ikatetemeka, nikajikuta nje na valizi mkononi, watoto wananicheka. Shemeji anasema hiyo si volkano tena, ni wasiwasi. Nyinyi je?

Yaya Majengo: Kabisa. Saa nane za usiku moyo unakimbia wenyewe.

Mtoto wa Ziwa: Acha nitoe yangu. 22/5/2021, Jumamosi jioni, mbingu nyekundu kama makala ya moto, tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, na miye nimekumbatia sufuria ya maharage ingali moto, mfuniko nimeufunga na kitenge, sijui ilikuwa akili gani. Makoro, ule moto wa mawe yaliyoyeyuka, yakasimama Buhene pembeni ya mji, nyumba yetu ikapona. Sasa siku ile nilishinda na wasiwasi tangu asubuhi, basi nikajiambia wasiwasi njo ulituponyesha. Toka hapo nikawa naogopa kutulia, nikitulia kidogo naona kama mlinzi aliyelala kwa zamu. Halafu ile tarehe 27, tetemeko juu ya tetemeko, amri ya kuhama, tunalala Sake, nikaanza kujiambia nikiendelea kuwaza hivi nitarukwa na akili. Huo wasiwasi wa wasiwasi njo ulinimaliza.

Kijana Birere: Sufuria mpaka Gisenyi 😂 yalikuwa yameiva?

Mtoto wa Ziwa: Tulikula watu tisa.

Dada Msikilizaji: Miye kazi yangu ni kusikiliza watu. Hayo mawili Adrian Wells, mwanasaikolojia wa Uingereza, ameyachunguza miaka mingi: kuamini wasiwasi unanilinda, na kuamini siuwezi, utaniharibu. Hiyo ya pili njo inashikana zaidi na ugonjwa wa wasiwasi wenyewe. Wazo likija usilifukuze, usilifuate, liache lipite kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubeba mizigo, inayoteremka, wewe baki na pumzi yako.

Papa Himbi: Chukudu ikiteremka unaruka pembeni, dada! Na hizo pumzi ni dini ya Wabuda. Watu waombe.

Dada Msikilizaji: Papa, mizizi ni ya Wabuda, ni kweli, lakini Jon Kabat-Zinn aliingiza mazoezi haya ya pumzi hospitalini kule Marekani 1979, bila sanamu. Omba, kisha pumua.

Yaya Majengo: Miye nikifunga macho inazidi, nasikia moyo tu.

Dada Msikilizaji: Basi usifunge. Osha sahani, sikia maji kwenye vidole.

Kijana Birere: Maji gani? Robine, bomba lenyewe, imekauka wiki mbili.

Mama Katindo: Sasa viatu nitoe ao niache?

Yaya Majengo: Toa.

Papa Himbi: Acha! Volkano ya 2002 nilitembea pekupeku.

Mtoto wa Ziwa: Mama, ndani ya valizi kuna nini?

Mama Katindo: Vyeti vya watoto. Na chaja ya telefone iliyokufa zamani.

Kijana Birere: 😂😂 Anza kutoa chaja.