Mjadala: Vituo vya ubunifu vya vyuo na viwanda vijengwe kampasi, au chuo kishuke kiwandani?

Mleta mada

Wanajamvi, salaam.

Kila linapozungumzwa suala la kuunganisha vyuo vikuu na viwanda hapa Dar es Salaam, pendekezo huwa ni lile lile: kijengwe kituo cha ubunifu ndani ya chuo, kiwekwe kompyuta, meza za kisasa na intaneti ya kasi, kisha wenye viwanda waalikwe kuja kukaa na wanafunzi. Nalipinga pendekezo hilo, nanyi mtanirekebisha nikikosea. Mahali pa ushirikiano panapaswa kuwa pale palipo na mashine inayozunguka na mteja anayelalamika, yaani kiwandani au karakanani, na chuo ndicho kiwafuate wenzake huko.

Sisi si wageni wa jambo hili. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, TIRDO ikafuata mwaka 1979 kwa ajili ya utafiti wa viwanda, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa na taasisi yake ya ubunifu wa uzalishaji, IPI, ambayo baadaye ilimezwa na Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Sheria ya COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ilitungwa mwaka 1986. Mwaka 2011, katika jengo la tume hiyo pale Kijitonyama, kikazaliwa kituo cha ubunifu cha Buni Hub kwa ushirikiano na Finland, na watu wakaanza kuliita eneo lile la Sayansi kwa jina la Silicon Dar. Mwaka 2021 ukaja mradi wa elimu ya juu wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ambao pamoja na mambo mengine ulivitaka vyuo viwe na kamati za ushauri zenye watu wa viwanda ndani yake. Kwa maneno mengine, karibu kila muongo tumeijengea hoja hiyo hiyo nyumba mpya.

Siyabezi yaliyofanyika Kijitonyama. Vijana wengi wa programu za simu walipata pale pa kuanzia, umeme wa uhakika na mtu wa kuwauliza. Lakini tuangalie ni kazi ya aina gani iliyofaidika: ni ile ambayo mashine yake hubebwa begani ndani ya mkoba. Kinu, tanuri na mtambo wa kujaza chupa havibebeki hivyo, na matatizo yake hayaonekani mpaka mtu asimame kando yake vikiwa kazini.

Tena umbali haujawahi kuwa kikwazo. Ubungo, bondeni mwa Mlimani iliko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilijengwa kiwanda cha nguo cha Urafiki kwa msaada wa China katika miaka ya 1960, na eneo hilo hilo likapata kiwanda cha zana za kilimo, UFI. Chuo nacho kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Wamekuwa majirani miaka yote hiyo. Aliyekuwa Mlimani hakukosa barabara ya kushukia, alikosa sababu. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha, si kwa mtambo aliouondolea hitilafu, na mwenye kiwanda naye hakuona kwa nini amlipe mtu wa vitabu ilhali ana fundi wake.

Mfano ninaoutegemea ni Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ulioanza mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia katika mitaa inayokumbwa na mafuriko, wakachora mifereji, nyumba na vichochoro pamoja na wakazi wenyewe, huku COSTECH, Benki ya Dunia na Msalaba Mwekundu wakiwa washirika. Ukumbi wao wa ubunifu ulikuwa mtaa wenyewe, na aliyejua maji hupita wapi alikuwa mkazi, wala si profesa.

Naomba kuwasilisha.

Mhadhiri wa uhandisi

Mleta mada, nakuheshimu, ila umetupa lawama yote upande mmoja. Nina darasa la wanafunzi zaidi ya mia moja. Nikibisha hodi viwandani, hata kile chenye moyo mwema kitanipokelea watatu au wanne, na kati ya hao wawili watapewa kazi ya kupanga mafaili. Hao wengine niwapeleke wapi? Karakana ya chuo ndiyo mahali pekee ambapo mwanafunzi anaruhusiwa kuharibu kitu. Kiwandani, mtambo ukisimama saa moja kwa sababu ya jaribio lake, hasara ni ya mtu.

Pili, kiwanda huuliza swali la kesho asubuhi, wakati mengine huhitaji miaka. Chujio la maji la Nanofilter, lililompatia Dkt. Askwar Hilonga tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, lilitokana na kazi ya mtaalamu wa kemia katika Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Lingesubiri agizo la mwenye kiwanda lisingezaliwa. Ujerumani, ambako watu hupenda kutuelekeza, taasisi za utafiti za Fraunhofer hutafuta sehemu kubwa ya fedha zao kwa mikataba, lakini takriban theluthi moja hutolewa na serikali ili watafiti wapate nafasi ya kufikiri mapema kuliko mteja. Hiyo theluthi ndiyo tunayoililia sisi. Kuhusu vigezo vya kupandishwa cheo nakubaliana nawe kabisa, na nimelisema vikaoni mpaka nimechoka.

Mwenye karakana, Vingunguti

Nawasalimu. Mimi sikusoma mpaka huko mlikofika, lakini natengeneza mashine za kukamulia alizeti, na wateja wangu wengi wako Singida na Dodoma. Naomba nieleze jambo moja tu.

Shafti ya mashine ile ndiyo roho yake. Ikilika, mafuta hubaki ndani ya mashudu na mteja huanza kukushuku kwamba umemuuzia chuma kibovu. Zangu zilikuwa zinarudi kabla ya msimu kwisha, zimelika kama mfupa uliogugunwa, nasi tunazijaza kwa kuchomelea kisha tunazikereza upya. Nilidhani tatizo ni chuma. Wakaja wanafunzi wa chuo kimoja na mwalimu wao, wakapiga picha, na baada ya miezi wakaniletea kitabu chenye jalada gumu kuhusu ugumu wa vyuma. Ninacho hadi leo, kimewekewa kopo la grisi juu yake.

Mwaka uliofuata alikuja kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo, peke yake. Wiki ya kwanza alifagia tu. Wiki ya pili akachota konzi ya mashudu yaliyokuwa ndani ya mashine iliyorudi, akayaosha ndani ya ndoo, akamwaga maji taratibu, na chini ya ndoo ukabaki mchanga. Akaniuliza, "Mzee, hizi mbegu huko zinapukuchuliwa wapi?" Nikampigia mteja simu, akasema chini, uwanjani. Basi tukaweka chekeche la bati lililotobolewa juu ya mdomo wa mashine. Gharama yake ni ndogo mno, na shafti za wale niliowafungia sasa zinamaliza msimu.

Kijana alitaka kuifanya kazi hiyo iwe mradi wake wa mwaka wa mwisho. Msimamizi wake akamwambia haina utafiti ndani yake, achague kitu kingine. Ndugu mhadhiri hapo juu, sisemi ni wewe. Nauliza tu: kama kuosha mashudu mpaka ukaona mchanga si utafiti, utafiti ni nini?

Afisa rasilimali watu, Barabara ya Nyerere

Niongeze la upande wa viwanda vikubwa kwa ufupi. Mwajiri anayefikisha idadi ya wafanyakazi iliyowekwa na sheria hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi. Ukimwomba mkurugenzi wangu achangie kituo cha ubunifu, jibu lake ni kwamba ameshachangia ujuzi wa taifa kila mwezi. Iwapo sehemu ya tozo ingepunguzwa kwa anayepokea wanafunzi na wahadhiri kwa mkataba unaoeleweka, milango ingefunguka bila semina hata moja.

Mwanasheria

Hakuna aliyegusa umiliki, nami naona hapo ndipo ushirikiano mwingi hufia. Chuo kinataka tasnifu iwekwe maktabani isomwe na wote, kiwanda kinataka siri ibaki siri. Jambo lililokwisha kuwekwa hadharani linaweza kupoteza sifa ya upya inayotakiwa na sheria ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa hiyo mwanafunzi anayewasilisha kazi yake ukumbini kabla ya kwenda kuisajili BRELA, wakala wa usajili, anaweza kuwa anaigawa bure bila kujua. Marekani waliamua mwaka 1980, kwa sheria ya Bayh-Dole, kwamba chuo kinaweza kumiliki uvumbuzi uliogharimiwa na fedha za serikali kuu. Kwetu si lazima tuige uamuzi huo, lakini karatasi ya kurasa mbili inayosema nani anamiliki nini isainiwe kabla kijana hajashika ufagio.

Mwanafunzi, mwaka wa tatu

Naomba msisahau nauli. Kutoka Mlimani hadi Vingunguti na kurudi kila siku, pamoja na chakula cha mchana, kwa wiki nane, ni fedha ambazo wengine hatuna. Anayeweza kumudu mafunzo yale mara nyingi ni yule ambaye nyumbani kwao wanajiweza.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Mwalimu, kuhusu mahali pa kuharibu kitu bila kumtia mtu hasara umenishinda, na narekebisha kauli yangu: karakana ya chuo ibaki na iongezewe vifaa, ila swali linaloingia mle liwe limetoka nje ya geti na liwe na jina la aliyeliuliza. Nisichokubali ni mfano wa Nanofilter kutumika kutetea kumbi. Chujio lile lilimjibu mtu mwenye maji mabaya nyumbani kwake, na liliipatia hoja yangu nguvu zaidi kuliko lilivyoipunguzia.

La nauli sikuliwaza, nakiri. Gharama ya kujenga ukumbi mmoja ingelipia nauli za vijana wengi sana, na sijawahi kuona bajeti iliyolinganisha mambo hayo mawili kwenye ukurasa mmoja.

Mzee wa Vingunguti, unayo bado shafti mojawapo iliyolika? Mwalimu, ungekubali kuipokea kama mradi wa mwaka huu, pamoja na swali la mchanga?

Mhadhiri wa uhandisi

Nitaipokea. Lakini nataka pia shafti moja iliyofanya kazi na chekeche msimu mzima, tupime tofauti, maana bila ya hiyo kamati ya idara itanirudishia.

Mwenye karakana, Vingunguti

Iliyolika ipo chini ya benchi. Hiyo nyingine iko kwa mteja Singida, naye haachii mpaka apelekewe mpya ya kufunga. Atakayelipia hiyo mpya ni nani, chuo au mimi?