Waokaji hawakai. Naombeni ushauri kabla sijawasainisha mkataba

Mama Ngano: Wakuu, nina bekari Morogoro. Oveni moja ya trei 4, mikate 600 kila usiku, vijana wanaingia saa 2 usiku na kutoka saa 11 alfajiri. Tangu Januari wameondoka watatu. Mshahara hauchelewi, chai wanakunywa, hakuna anayelalamika. Nataka wasaini miaka 3, anayetoka mapema anilipe. Mnaonaje?

Kipimo: Kutolalamika siyo kuridhika. Na kuridhika peke yake hakumfungi mtu: wapo wanaoipenda kazi wakaondoka kwa nauli, wapo wanaoichukia wakabaki kwa kukosa pa kwenda. Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, aliligawa hili mwaka 1959: mshahara mbovu unakera, mzuri unaondoa kero tu, ila mtu hupenda kazi pale anapoona anaifanya vizuri. Wakiaga wanasemaje?

Mzee wa Kijiweni: Vijana wa siku hizi hawana shukrani. Ajiri wazee.

Mama Ngano: Wanasema wamechoka.

Kipimo: Unawakata chochote?

Mama Ngano: Mikate ikiungua tu. Wa mwisho alikatwa nusu mshahara. Jamani, unga si naununua mimi?

Kifungu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Hasara iwe kwa kosa lake, umpe sababu na kiasi kwa maandishi, apate nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Nusu hairuhusiwi.

Fundi Moto: Inaungua upande gani?

Mama Ngano: Nyuma kushoto. Siku zote.

Fundi Moto: Basi umemkata mtu kwa kosa la oveni. Washa nyuzi 200, weka vipimajoto kona nne, subiri dakika 20. Zikipishana sana angalia mpira wa mlango, kisha tundu za gesi: moto wa njano badala ya bluu, huenda zimeziba. Kwa sasa geuzeni trei dakika ya 20. Mkiwahi, mkate unabonyea.

Kijiti: Hii chai. Mikate 600 kwa oveni moja, saa 11 wameshaondoka? Uzi wa kutunga huu.

Fundi Moto: Tupige hesabu. Trei 4 kwa makopo 12 ni mikate 48. Raundi 13, dakika 40 kila moja pamoja na kupakia na kupakua: masaa 8 na dakika 40. Kukanda na kuumua kabla ya raundi ya kwanza, masaa 2 na ushee. Hayo ni masaa 11, siyo 9.

Mama Ngano: Haya, wanatoka saa 1 asubuhi. Masaa mawili tu jamani!

Kifungu: Kila siku. Saa za ziada ni mara moja na nusu, na za usiku zina nyongeza ya 5%. Unalipa?

Mama Ngano: Mkataba umeshachapwa nakala 5, wakili kashalipwa.

Kijiti: Fungia maandazi.

Mama Ngano: Hicho kipimajoto nikiulizia duka la vifaa vya bekari nitakipata?

Fundi Moto: Utakipata. Chukua vinne.